Dereva aliniambia amechoka, nikampa safari. Sasa bosi anataka nitie sahihi

Mama, pokea salamu kutoka Nakuru.

Nimesoma ushauri wako kwa muda mrefu na sikudhani siku moja ningekuandikia. Lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri, na jambo lenyewe siwezi kumweleza mtu yeyote kazini.

Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya malori hapa mjini. Bosi akishapata kazi kwa mteja ananiambia, nami namtafuta dereva na gari. Kuna kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila gari likitoka yadi au likiingia, naandika saa, jina la dereva, mzigo na kilomita. Nimekiandika kwa mkono wangu miaka minne sasa.

Katika madereva wetu yuko mmoja tunayemwita Mzee. Hajazeeka hivyo, ana miaka hamsini na kidogo, ila ndiye aliyewafundisha barabara wengi wa waliopo. Hajawahi kugonga hata kuku.

Jumanne moja usiku, Mzee alikuwa kwenye foleni upande wa Uganda akisubiri kuvuka Malaba. Foleni ile unaijua. Unasogea hatua tano, unasimama nusu saa, na ukipitiwa na usingizi wa nyuma anakupigia honi au anakuruka. Alivuka Jumatano asubuhi, akaondoka Malaba saa tano, akaingia yadi yetu saa mbili usiku. Hata uso hajanawa, bosi akanipigia. Mteja wa Kisumu anataka mbolea yake iwe ghalani saa kumi na mbili asubuhi, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Dereva aliyekuwa amepangiwa safari hiyo alikuwa kitandani na malaria. Nikampigia Mzee, hakushika. Baadaye kidogo akanijibu kwa ujumbe wa sauti.

Ujumbe huo ninao mpaka leo. Anasema, "Binti, mimi nimechoka, macho yananiwasha. Lakini kama hakuna mwingine, sawa, wacha ninywe chai niende." Nami nikamwandikia, "Asante sana Mzee, Mungu akutangulie." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Madereva wetu wanalipwa mshahara mdogo, na juu yake pesa za kila tripu. Kisumu usiku ni shilingi 2,000 zaidi. Mtoto wa Mzee alikuwa amerudishwa nyumbani wiki hiyo kwa sababu ya karo. Nilijua. Na nikijichunguza, naona ndiyo maana nilimpigia yeye kwanza. Nilijua hatakataa.

Alitoka saa nne na nusu usiku. Saa tisa na nusu, akiwa ameshapita Awasi na anaikaribia Ahero, gari liliacha barabara likateremka kwenye majaruba ya mpunga. Mvua haikuwapo, hakuna gari lililomjia mbele, na barabara pale imenyooka. Mzee alitoka na michubuko. Tanboi wake, kijana wa miaka ishirini na miwili anayemsaidia garini, alivunjika paja na bado yuko hospitalini Kisumu. Ingekuwa saa mbili baadaye, pale pembeni kungekuwa na akina mama na beseni zao za nyanya.

Sasa bosi ameandaa barua ya maelezo. Inasema kwamba dereva alificha uchovu wake, na kwamba alikuwa amepumzika tangu Jumanne mchana. Anataka nitie sahihi kama shahidi. Tena anasema ukurasa wa siku ile kitabuni umechafuka, niuandike upya "vizuri". Mzee atafutwa, na gharama ya kutengeneza gari itakatwa kwenye pesa anazodai. Nilipojaribu kusema neno bosi akanijibu, "Ni mtu mzima, ana leseni, si angekataa?" Baadhi ya madereva wenzake nao wanasema ni tamaa ya pesa. Na Mzee mwenyewe hajitetei. Ananiambia, "Usukani niliushika mimi, binti."

Mama, lawama ni ya nani hapa? Na hiyo sahihi niitie? Nina mtoto wa gredi ya tatu, na mama yangu kule Kakamega ananitegemea mimi peke yangu.

Karani, Nakuru

*

Binti yangu,

Usitie sahihi, na ukurasa ule usiuguse. Naanza na hilo kwa sababu huenda barua iko mezani kwako sasa hivi unaposoma haya. Ukurasa huo uliandikwa kabla ya ajali, na mtu ambaye hakujua kuna ajali inakuja. Ndiyo thamani yake. Kuuandika upya kwa saa nyingine ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai. Mwandiko utakaokutwa pale ni wako, si wa bosi. Na gari lenu likiwa na traka, mitambo yake inajua lilikuwa wapi Jumatano saa nane mchana, hata kitabu kiseme nini.

Leo usiku, mtoto akishalala, andika kwa mkono wako yale uliyoniandikia, saa kwa saa, utie tarehe. Piga picha ya ukurasa ulivyo. Ujumbe wa Mzee uhifadhi mahali pawili, maana simu hupotea. Kisha nyamaza navyo. Usivitume kwenye kundi la WhatsApp la madereva hata ukichokozwa. Ni vya polisi wa trafiki, afisa wa kazi au mahakama, siku wakiviomba.

Sasa tuje kwenye lawama, na kabla ya kumtafuta mwenye kosa tuhesabu saa. Kutoka saa tano asubuhi hadi saa mbili usiku ni saa tisa. Nitatoa moja ya chakula na mizani ya Webuye. Zimebaki nane. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema gari la biashara au la abiria lisiendeshwe na mtu mmoja zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hiyo Mzee alipozima injini pale yadi, siku yake ya kisheria ilikuwa imekwisha. Hakuwa na dakika hata moja ya kuifikisha mbolea Kisumu. Kisha akaendesha saa tano nyingine. Jumla yake ni kumi na tatu, na nyuma yake kuna usiku mzima wa foleni ambao hakuna mtu aliyeuandika popote.

Kifungu hicho hakikuishia kwa aliyeshika usukani. Kinamkataza dereva kuendesha, na papo hapo kinamkataza mtu kusababisha au kuruhusu mwajiriwa wake, au mtu aliye chini ya amri yake, aendeshe kupita saa hizo. Soma tena hayo maneno mawili, kusababisha na kuruhusu. Bosi wako anaongea kana kwamba sheria ilimwona dereva peke yake barabarani. Sheria ilimwona yeye pia, akiwa nyumbani kwake na simu mkononi. Na lazima nikwambie ukweli wote, binti yangu. Aliyetoa safari ile kwa niaba ya kampuni ni wewe.

Sikwambii hivyo ili nikuongezee usiku wa kukesha. Nakwambia kwa sababu umeuliza lawama ni ya nani kana kwamba ni mzigo wa kubebwa na mmoja, na wengine wakiubeba yeye anapumua. Lawama si chapati, kwamba nikimega kipande changu chako kinapungua. Mzee anaweza kuwa na kosa lake zima, bosi akawa na lake zima, na lako likawepo. Mzee akisema "usukani niliushika mimi" anasema kweli. Bosi anapolishika neno hilo na kulifanya pazia la kujifichia, hapo ndipo uongo unapoanza.

Nataka nikae kidogo kwenye "si angekataa?", maana nimelisikia neno hilo maisha yangu yote.

Nilikulia Salgaa. Mama yangu alikuwa na kibanda cha chai pembeni ya barabara, na mimi kabla ya shule na baada ya shule nilikuwa nikiosha vikombe. Usiku mmoja aliingia dereva wa trela, mtu mkubwa, mpole, tuliyemfahamu. Akanywa chai macho wazi, akaitikia salamu, akatoa noti. Nilipomwekea chenji kiganjani, vidole havikufunga. Sarafu zikaanguka zote chini, naye akaendelea kunyoosha mkono vilevile. Mama akamwambia, "Baba, lala hapo nyuma, tutalinda gari." Akakasirika. Akasema yuko sawa, ana barabara ndefu, tusimtie mkosi. Akapanda akaenda. Aliporudi baada ya wiki mbili nilimkumbusha zile sarafu. Alinitazama akasema hajawahi kusimama kwetu usiku ule.

Hakuwa anadanganya, na nilikuja kuelewa baadaye sana. Uchovu unachukua kwanza kile kiungo ambacho ungekitumia kupima uchovu. Wanasayansi wamewapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo na kukuta wanafanya makosa kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya dereva anakamatwa. Wakifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Mzee, hata tukisema alipata kausingizi pale foleni hadi alfajiri ya Jumatano, gari lilipoacha barabara alikuwa macho kwa zaidi ya saa 22. Hapo ongeza ile saa yenyewe. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili wa binadamu unateremka kama unaoingia kaburini, hata wa aliyelala mchana. Na barabara imenyooka, hakuna kona ya Sachangwan ya kukushtua. Usingizi wa sekunde nne unatosha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha lori, sekunde nne ni karibu mita 90. Huo karibu ni uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na tani za mbolea nyuma, hakuna mtu ndani.

Kwa hiyo unapomuuliza mtu aliyekesha kama anaweza kuendesha, umemuuliza mlevi kama amelewa. Jibu lake haliwezi kuwa leseni yako ya kumtuma. Ndiyo maana sheria ikaweka saa, kitu ambacho mtu aliyelala vizuri anaweza kukihesabu akiwa ofisini, na ikamweka mwajiri kando ya dereva kwenye hesabu hiyo. Na Mzee hakuficha kitu. Alisema amechoka, akasema macho yanawasha. Kilichofuata baada ya "lakini" hakikuwa habari za mwili wake, kilikuwa habari za karo.

Hapo ndipo pesa za tripu zinapoingia, na naomba bosi wako asome sehemu hii kama utapata ujasiri wa kumwonyesha. Mshahara ukiwa mdogo na safari ikawa ndiyo mlo, umeshalinunua jibu la dereva kabla hujampigia. Ulaya wameliona hilo hadi kanuni yao ya mwaka 2006 kuhusu saa za madereva inakataza malipo na bakshishi za kufuata umbali au wingi wa mzigo pale yanapohatarisha usalama barabarani. Dereva wao akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na chombo ndani ya gari kinaandika. Australia wakaenda mbele zaidi. Sheria yao ya magari mazito inamfunga mwajiri, anayepanga ratiba, anayepakia na hata mwenye kupokea mzigo, kila mmoja kwa sehemu yake. Nimemfikiria mteja wenu wa Kisumu niliposoma barua yako. Alitaka mbolea saa kumi na mbili asubuhi. Je, shamba lingekauka kama ingefika saa sita mchana? Hakuna aliyemuuliza. Kule Australia angeulizwa.

Mzee naye ana lake, na sitalipaka sukari. Ana uzoefu wa kujua kwamba chai haiondoi usingizi, inauahirisha. Kericho ilikuwa njiani, Kapsoit ilikuwa njiani. Angeegesha akalala hata dakika ishirini, akampigia mteja akamwambia nitachelewa. Nyuma yake alikuwa na kijana wa watu. Na alikuwa ameshapita Londiani Junction, mahali ambapo jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori moja liliingia katikati ya wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri matatu, wakafa zaidi ya 50. Sisemi siku ile chanzo kilikuwa usingizi. Nasema hakuna dereva wa barabara hiyo asiyejua lori likikosa mwenyewe linafanya nini. Lakini pia nawajua madereva wanaoogopa kuegesha usiku, maana wakiamka wanakuta tangi limenyonywa mafuta na betri haipo, na kampuni inawakata. Dereva analala jicho moja wazi, asubuhi anahesabiwa kwamba amelala. Ukimtaka mtu apumzike, umpe mahali pa kulala ambapo hataamka na deni.

Sasa haki zao, maana Mzee hajitetei na tanboi yuko kitandani.

Mzee hawezi kufutwa kwa barua iliyoandikwa kabla hajasikilizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na apewe nafasi ya kujieleza akiwa na mwenzake kazini au mwakilishi wa chama. Kumkata gharama ya gari pia si jambo la bosi kuamua peke yake. Sheria hiyo inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kusudi la mfanyakazi, na kwa vyovyote makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Mtu aliyesema amechoka na akatumwa, utasemaje ilikuwa kusudi? Akifutwa, apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi wa serikali ndani ya miezi mitatu, asingoje hasira ipoe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapo hapo Nakuru. Na madereva wa masafa marefu wana chama chao, awaone.

Kijana wa paja ana njia nyingine, na kwake ndiko ninakoona hatari ya kusahaulika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haiulizi kwanza nani alikosea. Aliumia akiwa kazini, basi. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi wake, na aripoti ajali kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Wiki tatu zimepita. Ulizia, kwa utaratibu tu, kama fomu ilipelekwa. Kama haikupelekwa, familia yake iende kwenye ofisi ya idara hiyo hapo Kisumu, wabebe karatasi za hospitali.

Wewe sasa. Unaogopa kazi yako, na woga huo ni wa haki, nyumba haijengwi kwa ushujaa wa barua. Kwa hiyo usiingie kwa bosi na vifungu vya sheria mkononi. Mwone peke yake, asubuhi, kabla simu hazijaanza. Mwambie hivi: "Bosi, ile barua siwezi kuitia sahihi kwa sababu haisemi nilichokiona. Nitaandika niliyoyaona, hata yangu mimi. Na ukurasa nitauacha, maana wakipima na traka tutaonekana tumeficha, na hapo hata bima watatukimbia." Ongea kwa "sisi". Sitaki ajisikie amevamiwa, nataka aone kwamba karatasi ya uongo inamchimbia yeye kwanza. Huenda ana mkopo wa benki kwa hayo malori, huenda naye halali. Hilo halimpi ruhusa, ila linaeleza kwa nini anashika kila kinachoelea.

Akikufukuza kwa kukataa kughushi, hilo nalo lina njia ileile ya afisa wa kazi na mahakama, na maelezo yako yenye tarehe yatakuwa mezani kabla yako. Ndiyo maana nimekwambia uandike leo, kabla ya kuonana naye.

Akikusikiliza, usiondoke bila kuomba kitu kimoja. Katika kile kitabu chako cheusi ongeza safu: dereva alilala saa ngapi, akaamka saa ngapi. Foleni ya mpakani isiandikwe kuwa mapumziko. Na jina la mtu aliyeingia yadi usiku lisirudi ubaoni kabla ya asubuhi, hata mteja alie. Gari likitakiwa kuendelea, liendelee na dereva mwingine aliyelala. Malori ya masafa hupokezana hivyo, mmoja anashukia Nakuru, mwenzake anapanda. Ile 2,000 ya usiku iingizwe kwenye mshahara wa mwezi, mtu asilazimike kuiuza shingo ili aipate. Itamgharimu bosi kitu, sidanganyi. Apige hesabu ya lori lililolala majarubani Ahero, crane ya kulinyanyua, mbolea iliyolowa, na wiki tatu bila kazi, aone ni ipi ghali.

Na wewe, siku nyingine dereva akikwambia amechoka, usimwombee Mungu amtangulie. Mwambie, "Lala, nitampigia mteja." Kisha umpigie. Utatukanwa. Mimi ningetukanwa hata mara mia kuliko kuwa na ujumbe ule kwenye simu yangu, na najua kwa sasa nawe ungechagua hivyo.

Umesema Mzee hajitetei. Mtu wa namna hiyo anajihukumu peke yake usiku, na anadhani hakuna mwingine anayejua alivyokuwa. Jumapili hii nenda kwake, usimpigie simu. Mwambie kuhusu karo, kwamba ulijua. Mwambie aliposema amechoka, ulimsikia.